Sura ya 6: Nimefunga Kila Kitu, Mbona Kona Bado Inanishinda?

Swali hili utalikuta Kamembe, utalikuta Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi, utalikuta Kampala na Nairobi. Kijana ameshusha gari lake kwa springi fupi, ameweka rimu pana, amenunua shokapu za bei mbaya zilizotoka Japani. Anafika uwanjani, anaingia kona ya kwanza, anakata usukani, na gari linakwenda moja kwa moja kana kwamba halijaambiwa kitu. Baada yake anaingia mwenzake na Toyota Starlet yenye kimo kilekile ilichotoka nacho kiwandani, na saa inampa Starlet ushindi. Kijana anarudi gereji akiuliza: ninunue nini tena?

Mara nyingi hana cha kununua. Kinachohitajika ni kukipanga alichonacho, na kupanga huko kunaanzia pale tairi linapogusa ardhi, kisha kunapanda juu taratibu. Sura hii nimeiandika nikimfikiria msomaji wa wilaya ya Rusizi, na hasa kijana wa kisiwa cha Nkombo ambaye akitaka ufundi wa magari hana budi kupanda boti na kuvuka kwenda Kamembe kuutafuta. Huyo hana duka la vipuri vya mashindano karibu naye. Ana spana, uzi, rula, kipima upepo na akili yake. Kwa sehemu kubwa ya kazi hii, vinatosha.

Otokrosi ni mchezo gani?

Otokrosi ni mashindano ya dereva na saa. Uwanja ni mfupi, kona ni nyingi, unapewa raundi kadhaa, na muda wako ndio unaokupanga. Hata magari mawili au matatu yakiwa uwanjani kwa wakati mmoja, kila moja linapimwa peke yake. Ndiyo maana mchezo huu ni mlango wa kuingilia kwa wanaoanza: kasi si kubwa, gari la kila siku linaweza kushiriki, na ukikosea kwa kawaida unaishia kwenye vumbi au unaangusha koni.

Nchini Kenya huchezwa kwenye udongo. Jamhuri Park jijini Nairobi na Stoni Athi ni viwanja ambavyo mfuatiliaji yeyote anavijua, na magari hugawanywa kwa madaraja: ya kuendeshwa na magurudumu mawili, ya manne, yenye turbo na yasiyo nayo, hadi daraja la watoto liitwalo Bambino. Marekani ni tofauti. Kule hupangwa koni kwenye lami pana, na chama cha SCCA kimekuwa na fainali za taifa za aina hiyo tangu 1973. Rwanda mchezo wa magari uko chini ya Rwanda Automobile Club, na uzito wake uko kwenye rali: Rwanda Mountain Gorilla Rally inayohesabiwa katika ubingwa wa Afrika, na Huye Rally. Desemba 2024 Kigali ilipokea mkutano mkuu wa FIA, shirikisho la dunia la mchezo huu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mkutano huo kufanyika Afrika, na vijana wengi walianza kuyatazama magari yao kwa jicho jipya.

Neno moja kabla ya kuendelea, na nalisema kwa uzito wote. Barabara inayopanda kutoka Kamembe kupita msitu wa Nyungwe kwenda Huye ina kona ambazo kila mpenda magari anazitamani. Ni barabara ya malori, mabasi, watoto wa shule na akina mama wenye mizigo. Hakuna jaribio lolote katika sura hii linalofanyiwa pale. Tafuta klabu, tafuta uwanja uliofungwa, vaa kofia ngumu.

Uzito unahamia wapi?

Wavuvi wa sambaza wa Ziwa Kivu hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu. Mtumbwi mmoja peke yake, watu wakisimama ndani, unayumba kwa jambo dogo. Wakikaa chini unatulia. Ukifungwa na wenzake wawili, watu wanasimama, wanavuta nyavu, na chombo hakina habari. Mambo mawili yamefanya kazi hapo: uzito umekaa juu kiasi gani, na kitako ni kipana kiasi gani. Gari likiwa kwenye kona linatii mambo hayo hayo.

Chukua gari la kilo 1,200. Kitovu chake cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote ni kama umekusanyika, kiko sentimita 50 kutoka ardhini. Kati ya tairi la kushoto na la kulia pana mita 1.5. Likiwa limesimama, kila upande unabeba kilo 600. Sasa liingize kwenye kona ya lami hadi nguvu ya kulivuta nje ifikie asilimia 80 ya uzito wake, kiwango ambacho tairi zuri la barabarani hukihimili. Zidisha 1,200 kwa 0.8, kisha kwa 0.5, gawanya kwa 1.5. Jibu ni 320. Kilo 320 zimeuhama upande wa ndani wa kona na kwenda wa nje: ndani zimebaki 280, nje zimekuwa 920.

Rudia hesabu hiyo baada ya kulishusha gari sentimita 3. Zinahama kilo 301. Umenunua springi nne ili kuokoa kilo 19.

Tazama tena hesabu yenyewe. Ndani yake hamna springi, hamna shokapu, hamna chuma chochote cha kuuzwa dukani. Uzito wa gari, kimo chake, upana wake na ukali wa kona ndivyo vinavyoamua kiasi kinachohama. Gari linaloinama kama basi la abiria na gari lisiloinama hata kidogo huhamisha karibu uzito uleule. Wengi hukataa kuliamini hili, kwa kuwa macho yanaona gari limelala na moyo unasema kulala ndiko tatizo.

Basi suspensheni ina kazi gani? Suspensheni ni jina la jumla la springi, shokapu, mikono ya chuma na mipira yote inayounganisha bodi na magurudumu. Haiwezi kuzizuia zile kilo 320 zisihame. Inachoweza ni kuamua ngapi zihamie kwenye matairi ya mbele na ngapi kwenye ya nyuma. Ufundi wote wa kona umo katika mgao huo, na sababu yake ni tabia moja ya tairi.

Tairi likibebeshwa zaidi hushika zaidi, ila nyongeza yake inakwenda ikipungua. Tuchukue namba za mfano. Tairi lenye kilo 300 juu yake linashika kwa nguvu ya kilo 300. Liongeze liwe na 450: litashika kwa 420 tu. Mwenzake wa upande wa pili, aliyebaki na 150, anashika kwa 160. Wawili hao wakiwa na mzigo sawa walikuwa na 600 kwa pamoja. Sasa wana 580. Kila uzito unapohama, jozi hiyo ya matairi inapoteza kidogo, na jozi inayohamishiwa zaidi ndiyo inayopoteza zaidi.

Magonjwa mawili ya kona yanatoka hapo:

- Kusukuma pua: matairi ya mbele yamechoka kwanza, umekata usukani na gari linaendelea kwenda nje ya kona.
- Kutupa mkia: matairi ya nyuma yamechoka kwanza, na nyuma inataka kutangulia.

Kwa ufupi: ukikaza mbele, unaipa mbele sehemu kubwa ya uzito unaohama, na pua inazidi kusukuma. Ukikaza nyuma, mkia unalegea. Gari lisilotaka kuingia kona halikazwi mbele.

Fufua kabla ya kurekebisha

Gari lililotembea miaka mingi kwenye murram huwa limekufa mahali fulani. Kulipima alaimenti likiwa hivyo ni kupoteza siku, maana namba ulizoziweka asubuhi zitakuwa nyingine jioni. Linyanyue kwa jeki, weka stendi, kisha kagua:

- bushi, yaani mipira iliyo kwenye maungio ya mikono: zikipasuka, gurudumu linajigeuza lenyewe wakati wa breki;
- boljointi na tairodi: shika gurudumu kushoto na kulia, kisha juu na chini, ulitikise; likicheza, badilisha;
- shokapu, ambazo Kamembe na Bukavu utasikia zikiitwa amotisa: zikilowa mafuta zimekwisha;
- bearingi za magurudumu na nati zote.

Bushi mpya za kawaida kwenye mikono ya mbele zitakupa sekunde ambazo hakuna rimu ya bei yoyote itakayokupa. Hili nalisema bila kusita.

Upepo: rekebisho la bure

Anza na presha iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Pima tairi likiwa baridi, andika. Maliza raundi, pima tena likiwa na moto, andika. Tairi likipanda joto kwa digrii 10, presha hupanda kama PSI 1 na nusu, kwa hiyo ile uliyoianza nayo siyo unayoshindana nayo.

Kwa sisi wa milimani kuna jambo jingine. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Nyungwe inapanda zaidi ya mita 2,400. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo kipima upepo kitasoma zaidi kule kuliko ulipojaza, huku baridi ya msituni ikiivuta namba hiyo chini. Usiumize kichwa kukokotoa. Presha ya kushindania huwekwa uwanjani, na kipima upepo kiwe kilekile siku zote.

Kwenye lami, chora mstari wa chaki kwenye bega la tairi, kuanzia ukingo wa kashata, yaani meno ya tairi, hadi ubavuni. Piga raundi moja, tazama. Chaki ikifutika hadi ubavuni, tairi linajikunja: ongeza PSI 2. Chaki ya kwenye ukingo wa kashata ikibaki, tairi limevimba mno: punguza 2. Kwenye udongo chaki haisemi ukweli. Pale unaweza kushuka kidogo chini ya namba ya kibandiko, ila usishuke sana, maana jiwe likibana tairi kwenye rimu siku yako imeishia hapo.

Presha pia huponya gari la kuendeshwa na magurudumu ya mbele lisukumalo pua: ongeza PSI 2 au 3 nyuma. Nyuma inalegea kidogo na pua inapata kuingia. Kwa Starlet au Vitz, hili huwa rekebisho la kwanza na pengine la mwisho.

Uzi, nati na rula

Alaimenti ni jinsi magurudumu yanavyoelekea, na ina pembe tatu. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele: juu likiingia ndani, ni kemba hasi. Tou ni uelekeo ukilitazama kutoka juu: ncha za mbele zikikaribiana ni tou ya ndani, zikiachana ni tou ya nje. Kasta ni mwegemeo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, na ndiyo inayourudisha usukani katikati. Kwenye magari mengi haibadilishwi bila kubadilisha vipuri, kwa hiyo tuiache.

Gereji yenye mashine ya kompyuta itakupimia haraka. Lakini mtu asiyejua kupima mwenyewe hawezi kubadilisha chochote uwanjani, na kupima si kazi ngumu. Tafuta sakafu iliyo sawa. Chini ya kila tairi la mbele weka vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati, ili gurudumu liweze kujiteleza na kukaa linapotaka. Simamisha usukani katikati na uufunge kwa kamba. Kisha mweke mtu mwenye uzito wako kwenye kiti cha dereva. Huku Rwanda kiti hicho kiko kushoto. Kwenye gari lililoletwa Kenya kutoka Japani kiko kulia. Kilo 75 upande mmoja hubadilisha namba za upande huo.

Anza na kemba, kwa kuwa ukiigusa, tou nayo inabadilika. Funga nati nzito kwenye uzi, uuninginize kutoka juu ya tao la gurudumu ushuke mbele ya rimu bila kuligusa tairi. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa juu wa rimu, kisha hadi ukingo wa chini. Kwenye rimu ambayo kingo hizo zimeachana milimita 400, kila milimita 7 za tofauti ni digrii 1. Nafasi ya juu ikiwa kubwa kuliko ya chini, una kemba hasi. Kwenye Subaru Impreza boliti ya juu inayofunga shokapu na nguzo ya gurudumu imetengenezwa na kiwanda ili ukiizungusha kemba ibadilike. Wengi wanaendesha gari hilo miaka na hawajawahi kuigusa.

Kwa lami lenga kemba hasi ya digrii 2 mbele, au kadiri gari lako litakavyokubali, na digrii 1 hadi 1.5 nyuma. Sababu ni kwamba bodi ikilala kwenye kona hulilaza tairi pamoja nayo, na kemba hasi hulirudisha wima wakati huo. Kwa udongo, digrii 1 mbele inatosha.

Sasa tou. Simamisha stendi nne, mbili mbele ya gari na mbili nyuma, uvute nyuzi mbili zipite kando ya magurudumu kwa kimo cha katikati ya rimu. Kila uzi uwe mbali sawasawa na kitovu cha gurudumu la mbele kushoto na kulia, na vivyo hivyo nyuma. Usishangae mbele na nyuma zikitofautiana, magari mengi yana upana tofauti. Unachotafuta ni kushoto kulingana na kulia. Ukishaziweka sawa, mtu yeyote asiziguse. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, hiyo ni tou ya ndani. Ukiwa karibu zaidi, ni ya nje.

Mbele, tou ya nje ya milimita 1 kila gurudumu hulifanya gari liitike haraka mkono wako. Nyuma, tou ya ndani ya milimita 1 hulituliza. Zaidi ya hapo unakula matairi bure, na barabara ndefu ya kurudi nyumbani itakuonyesha.

Stabilaiza, springi na shokapu

Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja haifanyi kitu. Moja likipanda peke yake inajipinda na kulizuia. Kwa hiyo ndicho chombo cha haraka cha kugawa ule uzito unaohama. Zenye matundu kadhaa kwenye ncha hurekebishwa kwa kuhamisha linki kutoka tundu hadi tundu: karibu na pindo la fimbo inakaza, karibu na ncha inalegea. Pua ikisukuma, legeza ya mbele au kaza ya nyuma. Naanza na kulegeza, kwa kuwa tairi la ndani nalo linahitaji kugusa ardhi.

Springi hubeba gari. Zile za Japani huandikwa namba ya kilo kwa milimita: springi ya 8 inahitaji kilo 8 ili ibonyee milimita 1. Magari ya kawaida ya abiria mara nyingi yako kati ya 2 na 4. Na hapa ndipo tunapomrudia yule kijana aliyeshusha gari lake.

Ndani ya kila shokapu, kwenye ule mwamba unaong'aa, pamevikwa mpira wa kugotea. Kazi yake ni kuzuia chuma kisigonge chuma safari ya shokapu inapokwisha. Gari lililoshushwa sentimita 5 limekwisha kutumia sehemu kubwa ya safari hiyo likiwa bado limeegeshwa. Likiingia kona, upande wa nje wa mbele unabonyea kidogo tu na kuukalia mpira. Kuanzia hapo springi haina kauli tena. Mbele imekuwa ngumu kama gogo, inajichukulia karibu uzito wote unaohama, na matairi ya mbele yanachoka papo hapo. Pua inasukuma. Kijana anasema springi ni laini, ananunua ngumu zaidi, anashusha zaidi.

Kuna njia ya kulithibitisha hili bila kubahatisha. Funga kijikamba cha plastiki, kile cha kufungia nyaya, kwenye mwamba wa shokapu, ukishushe hadi kiguse mdomo wa shokapu. Piga raundi moja. Shokapu ikibonyea inakisukuma juu, nacho kinabaki pale ilipofika. Kikikutwa kimekwama chini ya mpira wa kugotea, jibu unalo: pandisha gari, au tafuta shokapu fupi zenye safari ya kutosha. Inagharimu chini ya chupa ya soda, na sijui kipimo kingine kinachosema mengi hivyo.

Kushusha kuna deni la pili. Magari mengi, Impreza na Toyota 86 yakiwemo, yana mbele mfumo wa MacPherson, ambamo shokapu yenyewe ndiyo nguzo na chini kuna mkono mmoja. Mkono huo ukiwa umeteremka kuelekea gurudumu, gari likilala kemba hasi inaongezeka, jambo zuri. Ukilishusha hadi mkono unapanda kuelekea gurudumu, kulala kunaiondoa kemba uliyoihangaikia. Chuchumaa mbele ya gari, utazame mkono wa chini. Mkono huo usipande kuelekea gurudumu.

Shokapu zenyewe hazibebi uzito. Zinaamua uzito uhame kwa haraka kiasi gani, na kazi yao inasikika wakati wa kubadilika: kuingia kona, kutoka, kukata koni kushoto na kulia. Zenye kitufe cha kurekebisha huhesabiwa kwa klik. Anza zikiwa laini kabisa zote nne, ongeza klik 2 kila raundi hadi gari lianze kurukaruka kwenye matuta, kisha rudi klik 2.

Kwa ufupi: stabilaiza hugawa, springi hubeba, shokapu huchelewesha au kuharakisha. Mpira wa kugotea ukiguswa katikati ya kona, vyote vitatu vinanyamaza.

Udongo unataka safari ndefu

Kwenye udongo tairi halishiki asilimia 80 ya uzito. Mara nyingi ni 50 au chini. Uzito unaohama ni mdogo, na adui mkubwa ni tairi kupoteza ardhi. Kwa hiyo springi laini, kimo cha kutosha, stabilaiza zilizolegea, shokapu zenye safari ndefu.

Safari Rally, iliyoanza 1953, imelifundisha somo hili kwa miongo. Peugeot 504, gari ambalo wazee wetu wanalikumbuka kama teksi ya masafa marefu, ilishinda 1975 na 1978, na sifa yake kubwa ilikuwa suspensheni yenye kupokea kila shimo. Toyota Celica Twin Cam Turbo ilishinda 1984, 1985 na 1986 ikisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, miaka ambayo Audi Quattro ilikwisha kuionyesha dunia faida ya kuendesha yote manne. Mwaka 1993 Patrick Njiru wa Kenya aliimaliza Safari akiwa wa 12 kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 660. Otokrosi si Safari, raundi yake ni ya dakika chache. Lakini shimo ni shimo, na gari lililobuniwa kupendeza likiwa limeegeshwa linateseka kwenye shimo la kwanza.

Siku yenyewe

Nenda na daftari. Kwa kila raundi andika muda, presha za baridi na za moto, na sentensi moja juu ya tabia ya gari. Badilisha kitu kimoja tu kati ya raundi na raundi. Na kwenye udongo ongeza kanuni hii: ukiona badiliko limesaidia, rudisha ya zamani upige raundi moja ya kuhakikisha, kama nafasi ipo. Uwanja unafagiliwa na magari, njia inasafika, dereva anazoea kona. Muda utashuka hata usipogusa kitu, na utaisifu klik isiyofanya kazi yoyote.

- Pua inasukuma kona nzima: legeza stabilaiza ya mbele tundu moja, kama haina matundu, ongeza PSI 2 nyuma.
- Pua inasukuma wakati wa kuingia tu: vunja kasi mapema zaidi kwanza. Ikiendelea, punguza klik 2 mbele.
- Mkia unatupa ukikanyaga mafuta, kwenye gari la kusukumwa na nyuma: legeza stabilaiza ya nyuma, kisha punguza PSI 2 nyuma.
- Gari linachelewa kufuata usukani kati ya koni: ongeza klik 2 zote nne.
- Linarukaruka kwenye matuta: punguza klik 2 zote nne, kisha angalia kile kijikamba cha plastiki.

Mashindano yakiisha, usiondoke na gari la uwanjani. Rudisha upepo wa kibandiko, rudisha tou ya mbele kwenye sifuri, rudisha stabilaiza ilipokuwa. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kupimia nguvu. Kama unarudi Rusizi kupitia Nyungwe, simama Huye uzikaze tena kabla ya kuanza kupanda.